Kuku wa Sahare, bamvua, na banda nililolijenga mwenyewe

Simu ya mama mdogo iliingia saa 12 na nusu asubuhi, chai bado iko motoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba juu juu, kisha akasema, "Njoo uone banda lako." Lako, siyo langu. Alikuwa na haki. Banda lile nililijenga mimi miaka mitatu iliyopita, na ujira nikapokea.

Mama mdogo anakaa Sahare, hapa Tanga mjini, upande wa chini kabisa. Ukitoka uani kwake unakanyaga mchanga, ukiumaliza mchanga umeingia mikokoni. Mimi ni seremala, shughuli zangu ziko Ngamiani, na mabanda ya kuku nimejenga mengi mpaka sikuwa nayafikiria tena. Hilo ndilo kosa la kwanza katika kisa hiki, na ni langu.

Lilikuwa banda la futi 6 kwa 10, kimo futi 6, nguzo za boriti, bati juu. Kuta ni wavu wa kuku, ule mwembamba wa matundu ya pembe sita, nami nilichukua wa matundu ya inchi 2 kwa sababu ulikuwa rahisi zaidi. Chini hakuna sakafu, ni mchanga. Mlango wa mbao, unafungwa kwa kibao kidogo kinachozunguka kwenye msumari mmoja. Fito za kulalia nilizipigilia ukutani kabisa, futi 2 kutoka chini, ili nafasi ya katikati ibaki wazi na mama asiinamie akifagia. Nilijisifu kwa hilo.

Ndani mlikuwa na kuku wakubwa 14, na hiyo kwa mtaa ule si idadi ndogo. Wengi huku hawafikishi kuku 14 kwa sababu ugonjwa wa kideri ukipita unazoa. Yeye anachanja, chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3, na hakosi. Kwa hiyo hatuzungumzii mfugaji mzembe. Kuku wake walikuwa wazima. Waliliwa wakiwa wazima.

Asubuhi ile nilikuta mitetea watatu wamelala chini ya ukuta wa upande wa mikoko. Vichwa hakuna. Shingo zimechanika, viwiliwili vizima kabisa, hata kifua hakikuguswa. Wengine 11 wamejibana pembe ya pili kimya. Mama mdogo hakusikia chochote usiku, na hilo halikunishangaza: kuku gizani haoni, akishapanda fito hatoki, na mwenzake akikamatwa yeye hukaza kucha tu na kunyamaza.

Hukumu ilikuwa imeshapita kabla sijafika. Mtuhumiwa ni paka wa jirani, dume kubwa la rangi ya majivu lenye sikio moja lililokatika. Mama mdogo na jirani walishatupiana maneno juu ya ukuta, na sumu ilikuwa tayari imenunuliwa, iko kwenye kikopo dirishani, inasubiri dagaa. Hapo ndipo nilipofanya jambo moja la maana siku hiyo. Nilimwambia, "Mama, dagaa hao atakayewaona kwanza ni kuku wako." Akakiangalia kikopo, akaangalia uani, kuku wanachakura kila mahali. Akakifunga kwenye mfuko. Baadaye nilimweleza pia kwamba kama mla kuku ni mnyama wa porini, kumuua bila kibali ni kuingia kwenye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Lakini hoja ya sheria haikumgusa kama hoja ya dagaa.

Kisha nikafanya la kipumbavu. Nilinunua wavu uleule, wa matundu yaleyale, nikaongeza tabaka la pili juu ya la kwanza, nikala wali wa nazi na kurudi mjini.

Baada ya wiki mbili simu ikalia tena. Wawili. Mmoja kichwa hakuna, wa pili ameburutwa mpaka mlangoni, akaachwa nusu ndani nusu nje, kwenye shimo lililochimbwa chini ya mlango. Shimo lenyewe lingepitisha ngumi zangu mbili, si zaidi. Safari hii sikushika nyundo. Nilikaa kwenye kigoda nikamwomba mama mdogo anieleze kila kilichopotea tangu mwanzo, hata yai.

Hapo ikatoka kalenda. Ni ile ya ukutani inayotolewa bure madukani, yenye tarehe za kizungu na za Kiislamu pamoja, na mama mdogo huandika humo mayai ya kila siku kwa kalamu ya risasi. Kumbe na hasara aliandika. Vifaranga 11 walioanguliwa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, walipungua mmoja mmoja, wote mchana, wakabaki 4. Mitetea watatu wa kwanza, usiku wa kuamkia mwezi 16, yaani tarehe 16, Mfunguo Pili. Wawili wa juzi, usiku wa kuamkia mwezi 2 Mfunguo Tatu. Mayai yalipungua siku zilezile za kuku na siku mbili tatu zinazopakana nazo.

Mpaka dakika ile kila mtu alikuwa akisema "huyo mnyama", kana kwamba ni mmoja. Vifaranga nilivitoa kwenye hesabu mara moja. Wanaopotea mchana mmoja mmoja, bila unyoya wala tone la damu, wamechukuliwa kwa juu, na kwa Sahare na majukwaa yake ya kuanikia dagaa, wa juu ni kunguru kabla ya mwewe. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 wakawe wasafisha taka, wakaona pwani yote inawafaa. Kunguru hupanga. Mmoja humchokoza mama kuku mbele, wa pili hushuka nyuma. Dawa yake haikuwa na ufundi wowote: tenga. Mama na watoto wanafunikwa chini ya tenga mpaka vifaranga watimize wiki sita, chakula na maji wapelekewe humohumo. Wapo wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau ili ndege awaogope. Sijawahi kujenga kwa kutegemea rangi.

Akabaki wa usiku. Jioni ile kuku tuliwahamishia jiko la uani, banda tukaliacha tupu na mayai mawili ndani. Nikachekecha majivu ya kuni, nikayatandaza mlangoni na kuzunguka kuta, upana wa hatua moja. Nikalala hapohapo.

Asubuhi mayai hayakuwepo, na majivu yalikuwa yameandikwa. Paka akikanyaga anaacha vidole vinne vya mviringo, kucha hazionekani kwa sababu huzificha akitembea. Hapa vilikuwa vidole vitano, virefu, vimeachana kama mtoto kaweka kiganja kwenye unga, na mbele ya kila kidole kitundu cha ukucha. Nilimwita jirani mwenye paka aje aone, makusudi, mbele ya mama mdogo. Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Tukafuata nyayo. Zilikwenda kwenye tangi la maji, ambalo linakaa juu ya jukwaa la zege. Nyuma yake, mahali ambapo hakuna anayefagia, palikuwa na makaka ya mayai, mapya na ya zamani, na kwenye zege ute wa kiini umekauka umeruka mpaka kimo cha goti. Halikung'atwa yai pale. Lilibamizwa. Hatua chache mbele, kwenye njia ya kuingilia mikokoni, kinyesi cheusi. Nikakivunja kwa kijiti: ndani vipande vya magamba ya kaa, vingine vyekundu bado. Angekuwa fungo ningetarajia kokwa za matunda na pete za jongoo, maana fungo anakula jongoo ambao wengine hawawagusi. Nyoka angelimeza yai zima bila kuacha kaka. Vidole vitano vilivyoachana, mayai ya kubamizwa, kaa: huyu ni nguchiro wa majini, yule mkubwa wa rangi ya kahawia iliyokolea anayewinda usiku kandokando ya maji.

Mzee mmoja mvuvi, nyumba ya pili, alikuwa amesimama nasi muda wote mikono nyuma. Akaniuliza, "Kuku waliliwa mwezi ngapi?"

Nikamsomea kalenda. Kumi na sita, na pili.

"Bamvua," akasema. "Na huyo kaja saa 10, kabla ya adhana."

"Umejuaje, babu?"

"Saa hizo maji yamejaa juu kabisa. Chakula chake kiko chini ya maji. Unataka akae juu ya mti anangoja kupwa?"

Mtu wa pwani anayajua haya, ila mimi seremala nilikuwa sijawahi kuyaweka pamoja na kuku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, ndiyo bamvua, na siku hizo maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri na jioni, na kupwa kwenye saa 4. Usiku wa bamvua sakafu ya mikoko inafunikwa mpaka ukingoni, karibu na nyua za watu. Siku za maji mafu, mwezi 8 na 9, au 22 na 23, sehemu ya juu haifikiwi, na nguchiro anakula kaa wake usiku kucha bila haja na mtu. Matukio mawili ni machache ya kuapia, na mzee mwenyewe hakuapa. Lakini kwa kazi yangu yalitosha: nilikuwa na siku 12 au 13 mpaka bamvua inayofuata.

Kabla sijamaliza kukusanya vifaa, ikatokea hasara ya nne. Jogoo wa kuchi. Huyu alikuwa fahari ya nyumba, mrefu, shingo wima, mtu alishamtolea bei mara mbili mama mdogo akakataa. Alitoweka usiku wa kuamkia mwezi 8 Mfunguo Tatu, zimebaki siku mbili Idd kubwa. Mtaa mzima ukasema nguchiro.

Nilikwenda nikatazama. Hakuna damu, hakuna unyoya. Shimo la chini ya mlango nilikuwa nimeshaliziba kwa jiwe, na jiwe lilikuwa mahali pake. Mwezi 8 ni maji mafu. Na mlango ulikuwa umefungwa, kibao kimezungushwa kama kawaida. Mnyama akitoka hafungi mlango. Nguchiro pia hambebi kuchi wa kilo nne akawaacha mitetea wadogo waliolala chini yake. Nilimwambia mama mdogo hivyo, faraghani. Hatukumtaja mtu, kwa kuwa hakuna aliyeonekana, na Idd ilipita kila nyumba inanukia pilau. Faida ya ile kalenda ilikuwa hapo hasa: bila tarehe, jogoo angeongezwa kwenye madhambi ya nguchiro, nami ningejenga banda la kuzuia mnyama huku mlango unafunguliwa na kidole kimoja.

Sasa ukarabati. Kitu cha kwanza hakikugharimu hata senti: fito. Nilizing'oa ukutani nikaziweka ndani, shubiri moja na nusu kutoka kwenye wavu, nikazipandisha mpaka futi 3. Wale mitetea wa kwanza hawakuuawa ndani ya banda. Walilala wamegusa wavu, vichwa vikipita kwenye matundu ya inchi 2, na nguchiro aliyesimama kwa miguu ya nyuma akavivuta kwa nje. Ndiyo maana viwiliwili vilibaki ndani vizima. Tabaka langu la pili la wavu lilikuwa limebanana na la kwanza, tundu juu ya tundu, kwa hiyo nililipa hela nikaongeza mapambo. Wavu huu kazi yake ni kuzuia kuku asitoke. Kuzuia mwenye meno asiingie si kazi yake, na kwa hewa ya chumvi ya Sahare ule wa miaka mitatu niliukatia kwa vidole.

Nikanunua wavu wa chuma wa kuchomelea, matundu ya nusu inchi, mita 14. Mita 10 zilizunguka banda lote kutoka chini mpaka futi 3. Zilizobaki nilizikata vipande vya upana wa futi 1, nikavizungusha juu kabisa chini ya bati kwa ajili ya hewa. Katikati, futi 2, nikapiga mabanzi, nafasi ya kidole kati ya banzi na banzi. Wavu ulipigiliwa kwa nje, misumari ya U kila baada ya vidole vinne, na juu ya misumari ubao mwembamba wa kuubana, ili mnyama akisukuma asukume mbao. Mawimbi ya bati pale linapokutana na ukuta niliyaziba kwa saruji na vipande vya mabanzi, maana nguchiro huyu si mpandaji hodari lakini kanu, mla kuku mwingine wa usiku, anapanda, na kanu hupita popote kichwa chake kinapopita.

Mama mdogo alitaka tuzungushe mabati mpaka juu tumalize kabisa. Nilikataa. Banda la bati kwa kaskazi ya Januari ni tanuri, kuku watahema midomo wazi na harufu ya kinyesi itawatia mafua. Nguchiro anaua wawili, joto halihesabu.

Chini ya mlango nilichimba mtaro wa kina cha shubiri mbili nikamimina zege na mawe, kizingiti kikatokeza juu ya mchanga kwa vidole vitatu. Kuzunguka kuta sikufukia wavu kwenda chini. Nilitandaza mabaki ya wavu wa zamani juu ya mchanga, futi 1 na nusu kwenda nje, nikapanga juu yake mawe ya matumbawe kutoka kwenye ukuta uliobomolewa wa jirani. Jirani yuleyule wa paka, na alinisaidia kuyabeba. Sababu ya kulaza badala ya kusimamisha ni kwamba mchimbaji huanzia pale pua inapogota ukuta. Akikuta jiwe anasogea kando, akikuta jiwe tena anasogea tena. Hapati akili ya kurudi nyuma futi 1 na nusu aanzie huko.

Mlangoni komeo la chuma na kufuli. Hesabu yote: wavu 91,000, saruji mfuko mmoja 17,000, misumari ya U 6,000, komeo na kufuli 12,000, mabanzi 10,000. Jumla shilingi 136,000. Ufundi sikudai, na hakuna aliyenishukuru kwa hilo, sawasawa.

Usiku wa kuamkia mwezi 16 nililala jiko la uani na tochi. Kuku 8 walikuwa ndani. Saa 10 kasoro nikasikia mawe yanagongana, kidogo tu, kama mtu anayepanga vyombo hataki kuamsha watu. Kisha kucha kwenye ubao wa mlango. Nikawasha tochi. Macho mawili, chini, karibu sana na ardhi kuliko nilivyodhani, na mwili mrefu wenye manyoya yaliyolowana. Hakukimbia. Aligeuka akatembea kuelekea mikokoni, maji yakasikika. Asubuhi nyayo zilizunguka banda mara mbili na nusu, zote nje ya mstari wa mawe, isipokuwa mlangoni ambapo alikwaruza zege. Kuku 8, mayai 5.

Bamvua mbili zilizofuata alikuja tena, mara ya pili akazunguka mara moja tu. Baada ya hapo majivu yalibaki safi.

Kilichobaki ni kutu. Novemba, vuli ilipokolea, nilipita na kukuta misumari ya U upande wa bahari imeanza kuvimba rangi ya chungwa, na mmoja uling'oka kwa ncha ya kisu. Nimeibadili ya upande huo yote, na nitaibadili tena baada ya masika. Mama mdogo alimpelekea jirani sahani ya mkate wa kumimina, wakazungumza mambo ya harusi ya mtu, paka hakutajwa. Ufunguo wa kufuli anaufunga kwenye pindo la kanga na kulala nao. Jogoo mwingine hajanunua bado. Anasema anangoja Idd ipite.